Injini Gani kwa Datsun 240Z? Mwongozo Kamili wa Kuchagua Mbadala

Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally wakiwa ndani ya Datsun 240Z, na nafasi ya pili ikachukuliwa na Shekhar Mehta katika 240Z nyingine. Mwaka 1973 Mehta alirudi na mwelekezi wake, Lofty Drews, akafungana pointi na Harry Källström, kisha akatangazwa mshindi. Ndiyo maana gari hili, lililotengenezwa Japani na kuuzwa zaidi Marekani, lina heshima ya pekee Kenya, Uganda na Tanzania. Wazee wengi wa gereji bado wanaujua mlio wake.

Mlio huo ni wa L24: silinda sita kwenye mstari mmoja, cc 2,393, kemu moja juu ya hedi inayozungushwa na cheni, kabureta mbili za Hitachi, na nguvu za farasi 151 kwa hesabu ya kiwanda ya wakati huo. Ni injini ngumu, lakini imezeeka. Mmiliki anayepeleka gari gereji na moshi wa buluu nyuma mara nyingi ataambiwa, "Bosi, tupa hii, tuweke 1JZ," yaani injini ya Toyota ya silinda sita. Pengine fundi yuko sahihi. Ila kabla hujaitikia, kuna kazi ya kufanya kwa mpangilio, na kwa maoni yangu kazi hiyo inaanzia nyuma ya gari, kwenye difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma), na kuja mbele. Wengi huanza na injini, ndiyo maana yadi za magereji zina magari mazuri yaliyokaa miaka juu ya mawe.

Hatua ya 1: Thibitisha kwamba injini imekufa kweli

Moshi na kukosa nguvu havitoshi kuwa hukumu. Kabureta zilizochakaa kwenye shafti zake huvuta hewa ya ziada, pointi za distribyuta huungua, na valvu ambazo hazijarekebishwa miaka mingi hupoteza mgandamizo. Kwa L24 nafasi ya valvu injini ikiwa moto ni milimita 0.25 kwa zinazoingiza na 0.30 kwa za ekzosi. Rekebisha hizo kwanza, ndipo upime.

Pima kompresheni silinda zote sita, injini ikiwa moto, plagi zote zimetolewa na mafuta yamekanyagwa mpaka mwisho ili hewa iingie. Usikimbilie tarakimu ya kitabu. Silinda inayosoma psi 170 Mombasa au Dar es Salaam itasoma takribani 135 hadi 140 Nairobi, kwa sababu jiji liko karibu mita 1,800 juu ya bahari na hewa yenyewe ni nyepesi. Nimesikia injini nzima zikihukumiwa kifo kwa kosa hilo tu. Kinachosema ukweli ni tofauti kati ya silinda: ikizidi asilimia 10 hivi kati ya iliyo juu na iliyo chini, endelea kuchunguza.

Kisha tia kijiko cha oili kwenye silinda dhaifu, upime tena. Kompresheni ikipanda, ringi au ukuta wa silinda umeliwa. Isipopanda, tatizo liko kwenye valvu au gasketi ya hedi, na hapo unahitaji kazi ya hedi tu. Ukimpata fundi mwenye kipimo cha kuvuja hewa, ni bora zaidi: hewa inayotokea kwenye kifuniko cha oili ni ya ringi, inayotokea kwenye kabureta ni ya valvu za kuingiza, inayotokea kwenye bomba la ekzosi ni ya valvu za ekzosi, na mapovu kwenye rejeta ni gasketi au ufa.

Kama bloku halijapasuka na krenki inaweza kuchongwa, L24 inafufuka. Ni bloku la chuma cha kalibu, linakubali kuchongwa silinda na kuwekewa pistoni za saizi kubwa. Mwenye gari lenye namba ya injini inayolingana na ile iliyoandikwa kwenye kibati cha kiwanda ndani ya boneti namshauri afufue injini hiyohiyo, hata ikigharimu kuliko ya mtumba. Anayenunua 240Z kwa bei kubwa leo ataangalia kibati hicho kabla ya kuangalia rangi.

Hatua ya 2: Sema wazi gari ni la kazi gani

Andika sentensi moja kwenye karatasi. "Kutoka Nairobi kwenda Naivasha Jumapili na kurudi." Au "mashindano ya kupanda kilima." Au "kuendeshea kazini kila siku Arusha." Sentensi hiyo itakuamulia nusu ya mambo. Gari la Jumapili halihitaji turbo. Gari la kila siku linahitaji injini ambayo spea zake zinapatikana kesho asubuhi. Na kama unataka kushiriki rali za magari ya kale, soma kanuni za mashindano hayo kwanza, kwa sababu nyingi hudai injini ya aina na enzi ya gari lenyewe. Injini ya kisasa inaweza kukufungia mlango kabisa.

Zingatia pia mwinuko wa mahali unapoishi. Injini isiyo na turbo hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda. L24 yenye afya inayopendeza Tanga itaonekana mvivu Nakuru, na si kosa lake. Mkaazi wa nyanda za juu ana sababu ya kutafuta ujazo mkubwa au turbo. Wa pwani hana haraka hiyo.

Hatua ya 3: Kagua kila kinachopokea nguvu, kuanzia nyuma

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi.

240Z ina uzito wa takribani kilo 1,040 tu. Haina fremu ya kujitegemea kama pikapu. Mwili wenyewe ndio fremu, na chini yake kuna reli mbili nyembamba za bati zilizokunjwa. Maji hukaa ndani ya reli hizo, chini ya betri, kwenye sakafu, na pale fimbo za kuzuia magurudumu ya mbele zinapojishikiza. Gari lililoishi pwani linaweza kung'aa kwa rangi na chini likawa limeoza. Chukua bisibisi, uchokonoe. Bati likiingia, fedha ya injini iende kwanza kwa fundi wa bodi. Injini yenye nguvu mara mbili ndani ya mwili uliooza hupindisha gari. Utaanza kuona milango haifungi sawasawa na kioo cha mbele kinapasuka pembeni bila kugongwa.

Difu ya kiwanda ni R180. Inavumilia L24 na L28 (ndugu yake mwenye ujazo mkubwa zaidi) za kawaida bila malalamiko. Ukivuka nguvu za farasi 250 hivi, au ukipenda kuachia klachi kwa kishindo, tafuta R200, ambayo ilikuja na 280Z na baadaye ikatumika kwenye Nissan nyingi. Njia nyingine inayowafaa watu wa kwetu ni difu ya Subaru Impreza WRX STI, kwa kuwa nayo ni R180 na imetengenezwa kukamata magurudumu yote mawili kwa pamoja. Inaingia kwenye nafasi ya 240Z kwa kubadili vichwa vya ekseli, na Subaru zilizokatwa hazina uhaba Nairobi.

Uwiano wa difu nao uupigie hesabu. Kwa tairi za 195/70 R14, gia ya tano ya 0.864 na difu ya 3.9, injini itazunguka karibu mara 2,900 kwa dakika ukiwa kilomita 100 kwa saa. Kwa difu ya 3.36 itashuka hadi 2,500. Injini yenye msuli wa chini, kama L28 au 2JZ, inastarehe na 3.36 kwenye barabara ndefu. L24 inapenda 3.9.

Gia boksi ya Datsun ya gia tano inafunga moja kwa moja kwenye injini zote za silinda sita za ukoo wa L. Hii ni faida kubwa, na nitairudia kwenye hatua inayofuata. Injini ya ukoo mwingine ina maana ya gia boksi nyingine, propela ya kukatwa na kusawazishwa upya, tundu la gia la kupasuliwa au kuhamishwa, na waya wa spidi mita usiolingana.

Breki: diski mbele, dramu nyuma, zote za mwaka 1970. Usiongeze nguvu kabla hujaongeza breki. Kaliper za pistoni nne za Toyota Hilux 4x4 za miaka ya 1979 hadi 1985 hufungwa kwenye miguu ya mbele ya 240Z kwa diski zake za kawaida, labda kwa kukata kidogo kile kibati cha kuzuia vumbi. Badilisha na silinda kuu ya breki kama pedali itashuka mno.

Hatua ya 4: Wagombea

L28. Nitasema mapema kwamba hii ndiyo ninayoipendekeza kwa wamiliki wengi wa 240Z katika ukanda wetu. Ni mdogo wake L24 kwa umri na mkubwa wake kwa kifua: kipenyo cha silinda milimita 86 badala ya 83, mwendo wa pistoni milimita 79 badala ya 73.7, jumla cc 2,753. Kwa nje ni injini ileile. Inakaa kwenye mauntingi zilezile, inapokea gia boksi ileile, kabureta zako zinafunga juu yake, na ukifungua boneti ni mtaalamu tu atakayegundua. Ujazo umeongezeka kwa asilimia 15, na unaousikia zaidi ni msuli wa chini, pale unapopanda Mau au Kitonga bila kubadili gia.

Ilitoka kwenye 280Z na 280ZX, kwenye saluni kubwa za Nissan kama 280C, na pia kwenye Nissan Patrol ya mfululizo wa 160 iliyoanza mwaka 1980. Hiyo ya Patrol ndiyo inayoweza kupatikana porini na kwenye yadi za skrapu huku kwetu. Ukiichukua, jua kwamba sampu ya oili imeundwa kwa gari jingine. Hamishia sampu na bomba la kunyonyea oili kutoka kwenye L24 yako, la sivyo sampu itagombana na vyuma vya chini.

Jifunze herufi zilizosubiwa kwenye chuma. Bloku za L28 huwa na N42 au F54. Hedi zina E31 au E88 (za L24), N42, N47, P79 au P90, zikisomeka upande wa plagi, karibu na plagi ya kwanza. Mchanganyiko wa bloku N42 na hedi N42 una pistoni zenye bonde na mgandamizo wa 8.3 kwa 1. Huo ni mgandamizo wa upole, unaovumilia petroli isiyo na uhakika ya vituo vya vijijini. Bloku F54 ya 280ZX isiyo na turbo ina pistoni bapa, na ukiifunga hedi yenye chemba ndogo kama E31 mgandamizo unapanda mpaka injini inaanza kugonga ikipewa petroli ya kawaida. Watu hufanya hivyo kwa tamaa ya nguvu, kisha wanalazimika kurudisha taimingi nyuma na kuipoteza nguvu yenyewe.

Kuna tofauti nyingine inayowasumbua mafundi: N47 na P79 zina matundu ya ekzosi ya duara, hizo nyingine yana umbo la mraba. Gasketi na manifoldi zilingane na hedi. Kemu nazo, nyingine hupata oili kupitia ndani yake na nyingine kupitia bomba dogo la nje. Ukibadilisha kemu bila kujua ni ya aina gani, itakauka na kuliwa. Roka za L hukwaruza juu ya kemu, hazina gurudumu, kwa hiyo kila roka irudi mahali ilipotoka, na utumie oili yenye zinki ya kutosha.

Kuna mtego wa mwisho ambao umewatoa machozi wengi. Klachi ya 240Z ina kipenyo cha milimita 225, ilhali baadhi ya L28 zina ya 240. Kola inayobeba rilisi beringi lazima ilingane na presha pleti, kwa kuwa urefu wa kola hizo unatofautiana. Ukichanganya, klachi haitaachia au haitashika, na utashusha gia boksi mara ya pili. Pleti, presha na kola nunua kwa pamoja.

Kwa L28 ongeza distribyuta ya elektroniki ya 280ZX. Inaingia kwenye tundu lilelile, inaondoa pointi, na gari linawaka asubuhi ya baridi bila kubembelezwa.

L28 iliyokuzwa. Krenki ya injini ya dizeli LD28 ina mwendo wa milimita 83. Ukiiweka kwenye bloku la L28 na pistoni za milimita 89 unapata cc 3,098. Ni injini tamu sana, ya watu wenye subira na fedha, kwa sababu krenki hizo zimeadimika na kuchonga bloku hadi 89 kunahitaji kwanza kupima unene wa kuta za silinda kwa mawimbi ya sauti. Karakana isiyo na kipimo hicho usiipe bloku lako.

RB. Hizi ni sita-mstari za Nissan zilizofuata baada ya L, na ndizo ningechagua kwa mtu anayetaka nguvu za kisasa bila kutoka nje ya ukoo. RB25DET ya Skyline R33 ina cc 2,498, kemu mbili, turbo, na nguvu za farasi 250 kwa hesabu ya Japani, pamoja na gia boksi imara ya gia tano ukiinunua na gari zima lililokatwa. RB26DETT ya GT-R ndiyo yenye jina, lakini sampu yake imebeba difu ya mbele kwa sababu GT-R huvuta magurudumu yote. Lazima ubadilishe sampu na bomba lake la kunyonyea oili. Bei yake nayo imepanda kupita maelezo, na kwa gari la Jumapili sioni inakuongezea nini ambacho RB25 haitoi. Kumbuka RB hutumia taimingi belti: ibadilishe injini ikiwa bado iko chini.

JZ. Turudi kwa fundi wa mwanzo. Anasema 1JZ kwa sababu anaijua: Toyota Mark II na Crown zimejaa barabarani, na Kirinyaga Road mjini Nairobi au Gerezani Dar es Salaam huwezi kukosa pampu ya maji yake. Hoja hiyo ina uzito. 1JZ-GE ina cc 2,491 na 2JZ-GE cc 2,997, zote na bloku la chuma linalostahimili mateso. Zingatia mambo matatu. Kwanza, karibu zote zilikuja na gia otomatiki, kwa hiyo gia boksi ya mkono, yaani W58 kwa zisizo na turbo au R154 kwa zenye turbo, ndiyo itakayokula bajeti. Pili, usichukue toleo la FSE lenye sindano za petroli zinazomwaga ndani ya silinda, kwa kuwa pampu yake ya shinikizo kubwa haipendi petroli chafu. Tatu, sampu ya JZ hutofautiana kulingana na gari ilikotoka, kwa hiyo pima kwanza ilipo kina chake. Pia ni nzito, na uzito wote unaingia mbele.

SR20DET ya Nissan ni nyepesi, ya alumini, silinda nne, na gari linageuka vizuri sana nayo. Mimi simshauri mtu kuiweka kwenye 240Z. Sauti ya sita inapotea, na kwenye gari hili sauti ni sehemu ya ulichonunua.

V8 za LS kutoka General Motors ndizo zinazopendwa Marekani: bloku la alumini, fupi, lenye nguvu nyingi. Huko kila yadi inayo. Huku utaagiza hata sensa kwa meli, na usukani wa kulia unakaribiana mno na manifoldi ya ekzosi ya upande huo. Kwa msomaji aliye Ulaya au Amerika ni mgombea halali. Kwa aliye Morogoro, hapana.

Hatua ya 5: Pima nafasi kabla ya kulipa

Omba kuja na futi kwenye injini unayotaka. Chukua urefu kutoka puli ya mbele hadi mwisho wa gia boksi, kimo kutoka chini ya sampu hadi juu ya manifoldi, na mahali sampu inapoanza kushuka. Linganisha na gari lako: krosimemba (chuma kinachokatiza chini ya injini) ilipo, shafti ya usukani inapopita, boneti inapofungia. 240Z ina boneti ndefu, kwa hiyo urefu si tatizo kubwa. Kimo na sampu ndivyo vinavyokwamisha. Injini ikae nyuma kadiri iwezekanavyo, na sehemu ya chini kabisa ya sampu isishuke chini ya krosimemba. Kwenye barabara zetu za matuta, sampu inayoning'inia hupasuliwa mapema.

Kwa injini zenye sindano za petroli, hesabu na mfumo wa mafuta. Kabureta huhitaji shinikizo la psi 3 hadi 4. Sindano huhitaji takribani 40, na hivyo tangi lenye bomba la kurudishia, pampu mpya, mipira ya shinikizo kubwa na namna ya kuzuia pampu isivute hewa kwenye kona.

Umeme wa 240Z ni dhaifu tangu ulipotoka kiwandani. Mkondo wote hupita kwenye ammita ndani ya dashibodi, na kisanduku cha fyuzi huyeyuka hata kwa taa tu. Ukiongeza feni za umeme na kontroli boksi (kompyuta ya injini), mchoree fundi umeme njia mpya ya mkondo mkubwa inayoikwepa ammita. Mita ya mizunguko ya 240Z nayo husoma mkondo unaokwenda kwenye koili, hivyo inaweza kunyamaza ukiweka mfumo mpya wa moto. Hilo lina dawa, ila liwe kwenye bajeti.

Hatua ya 6: Kununua injini yenyewe

Injini ya mtumba kutoka Japani inunuliwe kamili: waya zote bila kukatwa, kontroli boksi, sensa, mauntingi, flaiwili, gia boksi. Ukiweza, nunua nosi kati (sehemu ya mbele ya gari iliyokatwa ikiwa kamili) au gari zima lililokatwa. Muuzaji anayesema "waya utapata tu" amekuuzia nusu ya injini.

Mbele ya injini iliyo chini, fanya haya. Izungushe kwa spana kwenye puli, ifike mizunguko miwili kamili bila kukwama. Vua kifuniko cha valvu: rangi ya kahawia nyepesi ni kawaida, tope jeusi ni dalili ya oili isiyobadilishwa, na utando kama maziwa ni maji. Kwa L28 angalia kemu, usoni pawe laini bila mifereji. Toa sampu kama muuzaji anakubali, utafute vumbi la shaba linalong'aa, maana hizo ni beringi. Toa plagi zote sita uzipange kwa mpangilio wa silinda, kisha pima kompresheni kwa kutumia stata na betri palepale sakafuni. Injini yenye turbo, shika shafti ya turbo uitikise. Mchezo mdogo wa pembeni ni sawa, wa mbele na nyuma haufai.

Soma namba ya injini. Kwa ukoo wa L imegongwa kwenye kibao kidogo cha bloku upande wa plagi, kuelekea nyuma, chini kidogo ya hedi. Namba iliyosagwa au kugongwa upya ni sababu ya kuondoka hapohapo, hata bei iwe nzuri namna gani. Dai risiti yenye namba hiyo na nakala ya karatasi za forodha. Bila hizo, kuibadilisha kwenye kumbukumbu za usajili wa magari za NTSA Kenya au TRA Tanzania kutakuwa mateso, na kampuni ya bima ikija kugundua namba hailingani na kadi ya gari inaweza kukataa kulipa. Shughulikia karatasi wiki hiyohiyo injini inapofungwa, na umwandikie mwenye bima barua.

Usisahau bajeti ya vitu vinavyoonekana vidogo: sili zote, pampu ya maji, themostati, mipira, rejeta ya safu tatu, klachi mpya, bomba la ekzosi. Badilisha vyote injini ikiwa nje. Kwa hesabu yangu, injini yenyewe mara nyingi ni chini ya nusu ya gharama ya kazi yote unapohama ukoo. Ukibaki na L28, ndiyo sehemu kubwa ya gharama. Tofauti hiyo ndiyo hoja yangu yote ya kuipendekeza.

Hatua ya 7: Ihifadhi ya zamani

Bloku la L24 lililotoka usiliuze kwa skrapu, hata kama limepasuka. Lipake oili ndani ya silinda, ziba matundu yote, lifunge kwenye nailoni, ulihifadhi pamoja na kabureta na distribyuta yake juu ya ubao, mbali na sakafu ya simenti. Usikate wala kuchomelea kitu mwilini ambacho hakiwezi kurudishwa. Tumia mauntingi za kufunga kwa bolti. Siku moja wewe, au mwanao, mtataka kulirudisha gari kama lilivyotoka kiwandani, na namba ya bloku haitengenezwi tena.

Hatua ya 8: Kuiwasha mara ya kwanza

Kabla ya moto, toa plagi na uzungushe injini kwa stata mpaka geji ya oili ipande. Kwa L28 hakikisha mpangilio wa moto ni 1-5-3-6-2-4, na kwamba spindo la pampu ya oili limeingia kwa pembe sahihi, kwa kuwa ndilo linaloendesha distribyuta: likikosea jino moja taimingi haitakubali kamwe.

Kama kemu na roka ni mpya, injini ikishawaka iweke mara moja kwenye mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika 20, bila kuiacha ilale chini. Msaidizi mmoja aangalie joto, mwingine aangalie kama kuna kinachovuja. Izime, iache ipoe, ongeza maji. Badilisha oili na filta baada ya kilomita 500, ukate filta uifungue na uangalie kama ina chembe za chuma. Kwenye kilomita 1,000 rekebisha valvu upya, kaza mauntingi na bolti za propela, na uingie chini ya gari na tochi ukague reli zile mbili za bati, hasa pale zinapoungana na sakafu, kama kuna rangi iliyopasuka.